Mifuko ya kinga njaa: misimu miwili ndani ya stoo yangu Mtwara

Hapa Chuno, Mtwara mjini, nyumba yetu ina watu saba na ugali tunasonga kila siku. Kabla sijaijua mifuko hii ya kuhifadhia nafaka nilijibana Julai moja nikanunua magunia mawili ya mahindi, nikayaweka stoo kwenye viroba vya kawaida, nikijua nimeachana na habari za kununua unga kilo kilo dukani. Novemba nilipofungua gunia la pili, mkono ulitoka na vumbi. Dumuzi, ambao wengine huwaita skania, walikuwa wamelila nusu, na punje zilizobaki zilikuwa matundu matupu. Niliumia sana. Februari nikarudi dukani kama wenzangu.

Msimu uliofuata ndipo niliponunua mifuko ya kinga njaa, ile ya PICS, duka la pembejeo, shilingi 5,500 mmoja. Ndani ina nailoni mbili nzito, nje kiroba kigumu. Unajaza nailoni ya ndani kabisa, unashindilia mpaka hewa itoke, unasokota shingo, unaikunja na kuikaza kwa kamba. Nailoni ya pili hivyohivyo, kisha kiroba. Dawa huweki hata punje. Wadudu walioingia na nafaka huimaliza hewa iliyomo, wakashindwa kula na kuzaana, wakafa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani waliianza mifuko hii Kameruni miaka ya 1980 kwa ajili ya kunde, na kwa kweli kunde ndizo zilizonishangaza kuliko mahindi. Kunde zangu, ambazo siku zote Oktoba huwa zimeshatobolewa na fukusi, nilizipika Machi zikiwa nzima.

Sasa hesabu, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Mahindi niliyachukua Masasi kwa shemeji, debe 12 kwa shilingi 10,000, jumla 120,000. Kuyasafirisha 10,000, mifuko miwili 11,000. Yote 141,000. Februari debe hilohilo sokoni kwetu lilikuwa 18,000, yaani ningetoa 216,000. Shilingi 75,000 zilibaki ndani, na kwangu hiyo ni sare za shule za watoto wawili na daftari zao.

Lakini mfuko hauokoi mahindi mabichi. Sisi tuko pwani, upepo wa bahari una unyevu, na nafaka iliyokauka Masasi ikilala siku tatu hapa mdomo wazi inaanza kulegea. Ukiifunga hivyo itavunda humohumo, na mahindi yenye ukungu ni sumu. Mimi naanika tena kwenye turubai, halafu napima kwa chumvi: chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, punje kidogo, chumvi kavu kijiko kimoja, natikisa, naiacha itulie dakika kumi na tano. Chumvi ikigandia ukutani mwa chupa, narudisha juani. Ikianguka yote chini, nafunga siku hiyohiyo jioni, punje zikishapoa.

Kosa langu la msimu wa kwanza lilikuwa kufungua fungua. Kila wiki nachota debe, kila wiki naingiza hewa mpya, na chini kabisa nikakuta wadudu hai. Siku hizi mfuko ukifunguliwa natoa mahindi ya mwezi mzima kwa mara moja, naweka kwenye ndoo yenye mfuniko, nafunga upya. Unga sihifadhi, nasaga kidogo kidogo.

Makopa, ile mihogo mikavu, usiyatie humo, ncha zake zinatoboa nailoni. Na kagua kabla ya kulipa: muuzaji mmoja aliniuzia mfuko wenye nailoni moja tu kwa bei ya mzima, nikagundua nimeshafika nyumbani. Panya nao ni adui, kwa hiyo mifuko yangu iko juu ya chaga, mbali na ukuta. Ile miwili ya kwanza niliijaza hewa kabla ya msimu wa pili, nikaisikiliza kama inavuja, ikawa salama, nikaijaza tena.

Msimu huo wa pili niliongeza mmoja nikampelekea mama yangu huko Tandahimba. Kule mahindi yakiisha Februari, mtu huuza korosho zake kwa kangomba, yaani kwa walanguzi, kabla hata mikorosho haijachanua, kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika anazivuna kwa ajili ya mwingine. Mama alishafanya hivyo mara mbili, sisi watoto wake tukiwa hatujui. Mfuko wake niliufunga mwenyewe kwa mikono yangu. Wiki iliyopita alinipigia simu: kaufungua, mahindi ni meupe kama siku tuliyoyatia, na korosho za mwaka huu bado ni zake.