Chaji ya simu: kabla hujauliza wati, igeuze uangalie pini

Mwezi wa saba Mbeya hakuna anayetoka kitandani saa kumi alfajiri bila sababu. Mimi nilitolewa na harufu, ile ya plastiki inayoungua. Nikaifuata mpaka sebuleni. Soketi ya nyuma ya kochi imekuwa nyeusi kuzunguka tundu moja, kichwa cha chaji kimelegea kama jino la mtoto wa darasa la kwanza, na kwenye tundu la juu kumechomekwa kifuniko cha kalamu kilichoyeyuka nusu. Nimelala simu ikiwa na asilimia 28, nimeamka ina 31.

Chaji hiyo niliinunua Mwanjelwa kwa elfu sita. "Oji kabisa dada, fasti chaji." Fundi umeme aliyekuja kubadilisha soketi alichukua elfu kumi na tano, na soketi nikanunua mwenyewe.

Tangu niisimulie habari hii, swali ninaloulizwa ni lilelile: je, chaji isiyo ya kampuni ya simu yako ni hatari? Jina peke yake halina hatari. Chaji ya kampuni nyingine iliyotengenezwa vizuri haiiumizi simu. Na wale mnaoogopa kwamba kichwa cha wati 65 kitailipua simu ya wati 18, tulieni. Simu ndiyo inayoomba. Kichwa cha USB huanza na volti 5, halafu simu na chaji zinaelewana kupanda. Zisipoelewana utachaji polepole, basi. Kwa hiyo wati, rangi na urefu wa waya mtaulizana na muuzaji. Mimi nina ugomvi na pini.

Soketi zetu ni za Kiingereza, matundu matatu bapa. Matundu mawili ya chini yana vilango kwa ndani, ili mtoto asije akaingiza msumari. Ile pini ya juu iliyo ndefu ndiyo inayotangulia kuvifungua. Kwenye chaji nyingi za simu pini hiyo ni plastiki tupu, haipeleki umeme popote, ni ufunguo tu. Sasa wewe umeuziwa kichwa cha pini mbili za duara, ambacho bila ufunguo hakiingii. Unatafuta kalamu, njiti ya kiberiti, wengine (Mungu apishie mbali) funguo ya mlango. Vilango vinafunguka, unasukuma, taa ya chaji inawaka, unaenda kulala.

Mle ndani kuna vibano vya chuma vilivyotengenezwa vibane pini pana, bapa. Pini ya duara ya milimita 4 haibanwi, inaguswa tu. Panapogusa kidogo ndipo panapopata moto, na kichwa kikitikisika kidogo, mtoto akipita na kugonga waya, cheche inaruka. Ukiweka sikio karibu utaisikia, inalia kama mafuta yanayoanza kuchemka. Na ukizoea kulazimisha pini hizo, vibano vinalegea, kesho hata pasi yenye pini zake halali inaanza kucheza kwenye soketi hiyohiyo. Umenunua chaji ya elfu sita, umeharibu ukuta.

Pini tatu nazo si zote za kuaminiwa. Kutoka ukingo wa pini ya umeme mpaka ukingo wa kichwa cha chaji kunatakiwa kuwe na angalau milimita 9.5, karibu upana wa kidole cha mwisho cha mtu mwembamba. Kopi nyingi zimebanwa, pini iko ukingoni kabisa, na wewe unachomoa gizani kwa vidole. Mimi siku hizi naenda dukani na rula ya mwanangu ya shule. Wanicheke.

Msomaji mmoja wa Tukuyu aliniandikia kwamba akishika simu ikiwa kwenye chaji inamtekenya. Mtekenyo mwepesi kwenye simu yenye bodi ya chuma hutokea hata kwa chaji nzuri, kwa sababu hazina ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini. Ikikurusha mkono, huo si mtekenyo. Ichomoe, usimpe mdogo wako.

Haya, za kununua. Namba moja kwangu ni Oraimo ya pini tatu. Mtasema nimelipwa, sijalipwa hata soksi. Ni ndugu mmoja na Tecno, Infinix na itel, wote wa kampuni moja, Transsion, na yangu niliinunua Kabwe kwa elfu ishirini na mbili ikiwa na namba ya kukwangua ya kuhakiki kama ni yenyewe. Pini zinaingia kwa kishindo na hazitikisiki. Nimeichomeka na kuichomoa mwaka mzima, hata kwenye ekstensheni yangu ya kizee, haijawahi kupata joto la kunishtua.

Namba mbili, ya kampuni ya simu yako. Ingekuwa ya kwanza, ila ukweli wa dukani ni mwingine. Apple waliacha kuweka kichwa kwenye boksi kuanzia iPhone 12 mwaka 2020, Samsung wakafuata na Galaxy S21 mwaka 2021. Kwa hiyo unarudi dukani kununua kichwa peke yake, na kinachokuja mara nyingi ni cha pini mbili kilichokusudiwa nchi nyingine. Orijino, lakini bado unahitaji kalamu.

Tatu, Anker. Chaji safi sana. Niliagiza Dar, ikapanda basi, nikaipokea stendi, nafungua: muuzaji kanitumia ya Marekani, vipini viwili vyembamba kama ulimi wa mjusi.

Za elfu tatu za kwenye meza sizipangi. Mwaka 2016 maabara ya UL, wapimaji wa usalama wa vifaa vya umeme, ilipima chaji feki 400 za iPhone, 397 zikafeli, na 12 kati yake zingeweza kumuua mtu kwa umeme.

Ninachoshindwa kusamehe ni mchezo wa maboksi. Simu imekuja na kichwa chake halali, mtu anakitoa, anakiuza pembeni elfu thelathini, ndani anakurudishia kopi, halafu boksi analipasha plastiki upya. Ukidai kufunguliwa kabla ya kulipa, unaambiwa "mama, kama huniamini acha." Ukirudi kesho yake, kuna karatasi ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Juzi nilipita kwa yule aliyeniuzia ile ya kwanza, nimebeba kichwa kilichoungua na kile kifuniko cha kalamu. Akavigeuza, akasema umeme wa nyumbani kwangu ndio mkali. Nikamwambia sawa, nipe ya pini tatu. Hazipo, dada, zimeisha tangu wiki jana, chukua hii ya pini mbili nikupe na adapta. Nyuma yake, juu ya rafu ya makava, simu yake ilikuwa inachaji. Pini tatu, zimekaa barabara ukutani.

"Na hiyo?"

"Hiyo ya kwangu, dada. Haiuzwi."