Chagua mfumo kwanza, simu baadaye: mwongozo wa kununua simu inayolinda faragha

Simu ya kwanza niliyonunua kwa nia ya kuhama mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoendesha simu, kama Android, ilikuwa imetumika, lakini ilikuwa nzima: kioo hakikuwa na mkwaruzo, betri ilikuwa bado na nguvu, na toleo lake lilikuwemo katika orodha ya simu zinazokubaliwa na mfumo nilioutaka. Niliiwasha, nikaingia kwenye mipangilio, nikagusa nambari ya muundo mara saba mpaka sehemu ya wasanidi programu ikafunguka, kisha nikatafuta swichi inayoruhusu kianzishi cha simu kufunguliwa. Niliikuta imefifia, ya kijivu. Niliibonyeza, nikaizima simu na kuiwasha tena, nikaunganisha intaneti, nikabonyeza upya, na swichi haikusogea. Simu ile hapo awali iliuzwa na kampuni ya mawasiliano inayofunga kianzishi moja kwa moja, na aliyeniuzia hakunieleza. Huenda hata yeye hakujua. Nilibaki na simu nzuri isiyoweza kufanya kazi ile moja niliyoinunulia.

Kianzishi ni programu ndogo inayoamka kabla ya nyingine zote simu inapowashwa, na ndiyo inayoamua ni mfumo gani upakiwe. Kisipofunguka, mfumo haubadilishwi. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa mnunuzi ni kuugeuza utaratibu aliouzoea: aamue mfumo anaoutaka, asome orodha ya simu zake, ndipo aende kutafuta simu.

Sababu ya kuhama si ya kubuni. Mwaka 2021 mtafiti Douglas Leith wa chuo kikuu cha Trinity College Dublin, Ireland, alipima data inayotoka kwenye simu za Android na iPhone zikiwa zimelala bila kuguswa, akakuta kwamba kwa wastani kila moja huwasiliana na kampuni yake, Google au Apple, kila baada ya dakika 4.5, hata pale mtumiaji alipopunguza ruhusa kwa kadiri alivyoweza. Mfumo unaolinda faragha hukata sehemu kubwa ya mawasiliano hayo. Haukati yote yanayomhusu mtu, na hili ni vema lieleweke kabla ya kutoa fedha: kampuni ya laini itaendelea kujua uko karibu na mnara upi, unampigia nani na kwa muda gani, ujumbe mfupi wa kawaida utaendelea kupita kwake bila kufichwa, na ukiweka WhatsApp, kampuni yake itaendelea kujua unawasiliana na nani, ijapokuwa haisomi mliyoandikiana.

Katika kupanga mifumo hii nimetumia vipimo viwili kuliko vingine vyote. Cha kwanza ni upesi na umri wa viraka vya usalama, yaani marekebisho yanayoziba matundu kila mwezi. Cha pili ni kama kianzishi kinaweza kufungwa tena baada ya mfumo mpya kuwekwa, ili simu ijihakiki kila inapowaka na ikatae mfumo uliochezewa. Watu wengi huuliza kwanza kama Google imeondolewa. Ni swali la haki, lakini simu isiyo na Google na yenye tundu lililojulikana tangu miezi sita iliyopita haimlindi mwenyewe. Imemzuia mpiga matangazo na kumwachia mdukuzi mlango wazi.

Kwa vipimo hivyo, nafasi ya kwanza ni ya GrapheneOS, na kwa maoni yangu hakuna unaoukaribia. Umejengwa juu ya msimbo huria wa Android, yaani ule uliochapishwa wazi ili yeyote aukague na kuutumia, viraka vyake hufika mapema, na kianzishi hufungwa tena mwishoni mwa usakinishaji kama simu ilivyotoka kiwandani. Simu inapowaka huonyesha onyo la njano kwamba imepakia mfumo tofauti, likiwa na mfuatano wa herufi na tarakimu ambao unaweza kuulinganisha na ule uliochapishwa na watengenezaji. Wengine hushtushwa na onyo hilo, ilhali ndilo linalokuthibitishia kwamba mfumo ulio ndani ni ule uliouweka.

Uzuri wake unaonekana zaidi katika mambo madogo ya kila siku. Unaposakinisha programu, mfumo hukuuliza papo hapo kama programu hiyo ipewe intaneti au la. Fikiria kibodi, ambayo hupitia kila neno unaloandika pamoja na manenosiri: hapa unainyima mtandao kabla haijafunguliwa hata mara moja, na inaendelea kuandika vizuri kabisa. Programu inapodai orodha yako yote ya namba za simu, unaweza kuichagulia majina matatu tu. Yenyewe itaamini imepewa yote, nayo haitalalamika wala kugoma. Picha na mafaili huchaguliwa vivyo hivyo. Simu ikikaa saa 18 bila kufunguliwa hujizima na kujiwasha yenyewe, ili data irudi katika hali ya kufungwa kwa usimbaji, yaani isisomeke bila nambari yako ya siri, na mlango wa kebo hukataa miunganisho mipya ya data skrini ikiwa imefungwa. Tangu mwaka 2024 ipo pia nambari ya siri ya dharura: mtu akikulazimisha kufungua simu ukaiingiza hiyo, kila kilichomo hufutwa.

Anayehitaji huduma za Google hanyimwi. Huziweka kama programu nyingine yoyote, zikakaa ndani ya mipaka ileile ya programu za kawaida bila mamlaka ya pekee, na akipenda huzitenga katika wasifu wa peke yake, yaani sehemu ya simu iliyotengwa kama ya mtumiaji mwingine. Kwa njia hii programu nyingi hufanya kazi. Zisizofanya kazi ni zile zinazokagua kama simu ina mfumo ulioidhinishwa na Google, zikiwemo baadhi ya programu za benki, na malipo ya kugusisha simu kupitia Google hayawezekani. Kabla ya kununua, orodhesha programu tano ambazo huwezi kuishi bila hizo, kisha utafute habari za watu waliozijaribu kwenye mfumo huu, moja baada ya nyingine.

Kikwazo kikubwa cha GrapheneOS ni kwamba hadi sasa simu zake ni Google Pixel. Wapo wanaoona ni kinyume kununua simu ya Google ili kumkimbia Google, na hisia hiyo naielewa, lakini sababu ni ya kiufundi: Pixel huruhusu kianzishi kufunguliwa na kufungwa tena kwa ufunguo wa mfumo mwingine, zina chipu ya usalama inayojitegemea, na hupewa viraka kwa muda mrefu. Hapo ndipo tarehe zinapomhusu mnunuzi wa simu iliyotumika. Pixel 6 na 6 Pro zinakoma kupata viraka Oktoba 2026, kwa hiyo sizipendekezi hata zikiuzwa kwa bei ya kutupa. Pixel 6a inafika Julai 2027, Pixel 7 Oktoba 2027, na Pixel 7a Mei 2028. Kuanzia Pixel 8 ahadi ni miaka 7, hivyo hiyo inafika Oktoba 2030 na 8a Mei 2031. Zaidi ya hayo, kuanzia Pixel 8 kichakataji kina kinga ya kumbukumbu ambayo GrapheneOS huitumia kuzuia aina nyingi za mashambulizi. Kama ningeambiwa nitaje simu moja tu, ningetaja 8a.

Nafasi ya pili naipa iPhone, na najua wapo watakaoudhika. Si mfumo huria, na kampuni yake hukusanya data. Kipimo cha Trinity kilionyesha hivyo. Lakini viraka hufika siku moja kwa simu zote zinazohudumiwa, uhakiki wa kuwaka ni imara, na mtu asiyeweza kabisa kuachana na programu ya benki au ya kazini hatapoteza chochote. Sharti ni kwamba aibane mwenyewe: akatae programu kumfuatilia, jambo linalowezekana tangu 2021; awashe ulinzi wa juu wa data, uliokuja Desemba 2022, ambao hufanya nakala rudufu za iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, zisisomeke hata na Apple wenyewe (nchini Uingereza uliondolewa kwa watumiaji wapya Februari 2025); na mwenye sababu ya kuhofia kulengwa, kama mwandishi wa habari au wakili, atumie hali ya kujifungia iliyoanza mwaka 2022. iPhone iliyobanwa hivi ni salama kuliko Android iliyobadilishwa nusunusu.

Ya tatu ni /e/OS, mradi ulioanzishwa na Mfaransa Gaël Duval. Sifa yake kubwa ni kwamba mnunuzi anaweza kupata simu ikiwa tayari na mfumo ndani, kupitia kampuni ya Murena, zikiwemo simu za Fairphone, bila kugusa kebo wala kompyuta. Duka lake la programu huonyesha kila programu ina vifuatiliaji vingapi, na kuna kitufe cha kuvizuia na cha kudanganya mahali ulipo. Leith na wenzake walipopima aina kadhaa za Android baadaye mwaka huohuo wa 2021, zikiwemo za Samsung, Xiaomi, Huawei na Realme, /e/OS ndiyo iliyojitofautisha kwa kutotuma karibu chochote kwa watengenezaji wake. Badala ya huduma za Google hutumia microG, programu huria inayoziigiza, ingawa arifa nyingi bado hupitia kwenye seva za Google. Udhaifu wake uko katika vipimo vyangu vyote viwili: viraka huchelewa, na kwenye simu kadhaa kianzishi hubaki wazi. Ninampendekezea mtu anayechoshwa na kufuatiliwa na matangazo, si mtu anayehofia simu yake kuangukia mikononi mwa wabaya. Iodé, ambao nao umetoka Ufaransa, unafanana nao sana, na sioni haja ya kuuzungumzia kando.

LineageOS, uliozaliwa Desemba 2016 baada ya mfumo uliotangulia, CyanogenMod, kufungwa, naupa nafasi ya nne kwa faragha, japo kwa kazi nyingine ungestahili heshima zaidi. Unakubali simu nyingi za kampuni nyingi, na huipa uhai mpya simu ambayo mtengenezaji wake ameitelekeza. Lakini haukubuniwa kwa ajili ya faragha, na kwenye simu nyingi kianzishi hubaki wazi, maana yake anayeishika simu kwa dakika chache anaweza kubadilisha kilichomo usijue. Tena kiraka cha LineageOS hakizibi tundu lililo ndani ya chipu za simu iliyokwisha kutelekezwa. Utumie kwa simu uliyonayo tayari. Usinunue simu kwa ajili yake.

Mifumo isiyo ya Android, kama Sailfish wa kampuni ya Jolla ya Finland na Ubuntu Touch, ambao jumuiya ya UBports iliuchukua mwaka 2017 kampuni ya Canonical ilipouacha, ni ya wapenzi wa kompyuta wanaojua wanachokifuata. Programu ni chache, na ulinzi kati ya programu moja na nyingine haujafikia ule wa Android. Kuhusu CalyxOS, ambao hapo zamani ningeuweka wa pili bila kusita: Agosti 2025 wasimamizi wake walitangaza kusitisha matoleo, na mfumo uliosimamisha masasisho sina budi kuuacha nje ya orodha. Asiwepo wa kuuweka leo kwa sababu ya sifa za jana. Aangalie kwanza tarehe ya toleo lake la mwisho.

Rudi sasa kwenye ununuzi wenyewe, kwa aliyechagua Pixel. Ikiwa ni mpya, nunua iliyo huru, isiyofungwa na kampuni ya laini yoyote. Ikiwa imetumika, usitosheke na maneno ya muuzaji kwamba inakubali laini zote, kwa sababu kukubali laini zote na kukubali kufunguliwa kianzishi ni mambo mawili tofauti, na hapo ndipo nilipokosea. Mwombe aiunganishe na intaneti mbele yako, afungue sehemu ya wasanidi kwa ile miguso saba, na akuonyeshe swichi ikisogea. Ikiwa ya kijivu, rudisha simu mezani. Hakikisha pia amejiondoa kwenye akaunti yake, la sivyo simu itakudai nenosiri lake.

Usakinishaji wenyewe, ambao mafundi huuita kuflashi, si mgumu kama unavyosimuliwa. GrapheneOS huwekwa kupitia kivinjari cha kompyuta na kebo ya USB, ukifuata vitufe kwenye ukurasa wao kutoka juu hadi chini. Tumia kebo nzuri, ikiwezekana iliyokuja na simu, kwani kebo mbovu ndiyo husababisha kukwama kwingi. Kufungua kianzishi hufuta kila kitu, na kukifunga tena hufuta mara ya pili, kwa hiyo nakala rudufu itengenezwe kabla na ihakikiwe kuwa inafunguka. Usiruke hatua ya kukifunga, na ukimaliza, rudi kwenye mipangilio uizime ile swichi.

Simu ya zamani usiiuze mara moja. Ikae na chaji kwa wiki mbili hivi, laini ikiwa tayari imehamia kwenye mpya, na katika muda huo ujaribu kila kitu unachokitegemea: kutuma fedha, kupokea nambari za uthibitisho, simu za dharura, ramani, arifa za ujumbe usiku. Kitakachogoma kijaribu kwanza ukiwa umeweka huduma za Google katika wasifu wa pembeni, na kikigoma hata huko, angalia kama benki yako ina tovuti inayofanya kazi ileile kwenye kivinjari. Data za simu ya zamani zifute siku utakapomaliza wiki nzima bila kuigusa.