Karakana ya marejeta ya Ng'ambo, Tabora: walivyoitibu injini yangu iliyokuwa ikichemsha oili

Nina mashine ya kukoboa mpunga katika Wilaya ya Uyui, na mashine hiyo inaendeshwa na injini ya dizeli aina ya Deutz F6L912, yenye silinda sita na ujazo wa lita 5.655. Injini hii haina rejeta wala haitumii hata tone la maji. Joto lake lote huondolewa na upepo wa feni unaosukumwa ndani ya kava la bati, pamoja na oili inayozunguka na kupita kwenye kipoza oili, ambacho mafundi wetu hukiita oilikula. Kwa miaka mingi imenifanyia kazi bila manung'uniko. Msimu uliopita, mpunga ulipoanza kumiminika kutoka mashambani, ilianza kuchemsha oili, na baada ya kuhangaika kwa wiki kadhaa niliipeleka katika karakana ya marejeta iliyopo Ng'ambo, mjini Tabora. Naandika ili wenzangu wenye mashine wajue kazi ya karakana hiyo ilivyo, kwa mazuri yake na kwa mapungufu yake.

Dalili zilikuwa hizi. Asubuhi injini iliwaka vizuri na geji ya joto la oili ilisimama kwenye nyuzi joto 90, lakini baada ya dakika arobaini za kukoboa mfululizo ilipanda hadi 125, na nilipopunguza mwendo, presha ya oili ilishuka mpaka taa nyekundu ikaanza kupepesa. Ilinibidi kuizima kila saa na kuwaacha wateja wakiwa wamekalia magunia yao. Fundi wa kwanza niliyemwita alinishauri niache oili ya 15W-40 na kuweka oili nzito zaidi, kwa maelezo kwamba oili nyepesi ndiyo inayoshusha presha. Presha ilipanda kidogo asubuhi, lakini joto lilizidi kuliko mwanzo, kwa sababu oili nzito husuguana zaidi na hupita kwa shida katika mirija myembamba ya kipoza. Wa pili alinibadilishia pampu ya oili. Fedha ilikwenda, na geji ilirudi palepale kwenye 125.

Kilichonivutia katika karakana ya Ng'ambo ni kwamba hawakushika spana siku ya kwanza. Fundi mkuu, kijana mtulivu asiyependa maneno mengi, alikuja na mimi hadi kwenye mashine na jambo lake la kwanza lilikuwa kuihoji geji yenyewe. Alifungua kihisio chake, akakichovya katika sufuria ya maji yaliyokuwa yakitokota juu ya jiko la mkaa, akasubiri. Mshale ulisimama kwenye 96, nami nikadhani geji imeharibika kwa sababu tulifundishwa shuleni kwamba maji huchemka kwenye 100. Alinieleza kwa upole: "Mama, hapo ni pwani. Tabora tuko juu, karibu mita 1,200, na huku maji huchemka yakiwa kwenye 96. Geji yako inasema kweli." Kwa sufuria moja ya maji aliondoa shaka ambayo ingeweza kunigharimu geji mpya, na akaniongezea jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: kwamba katika mwinuko huu hata hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya kumi, hivyo feni ileile, kwa mwendo uleule, inabeba joto pungufu.

Baada ya hapo alipima joto la oili mahali inapoingia kwenye kipoza na mahali inapotokea, wakati mashine ikiwa inakoboa. Tofauti ilikuwa nyuzi nne tu. Alisema kwamba kama oili ingekuwa inapita kidogo, kwa sababu ya pampu mbovu au mirija iliyoziba, ile kidogo inayopita ingetoka imepoa sana, maana ingekaa ndani kwa muda mrefu. Oili inayotoka karibu na joto ililoingia nalo ni oili inayopita kwa wingi bila kukutana na upepo. Maneno yake ninayakumbuka vizuri: "Injini haina ugonjwa. Imenyimwa upepo." Nilipoyasikia niliikumbuka ile pampu mpya niliyoinunua, na niliumia.

Ili anionyeshe, alikata vipande vya uzi wa kushonea magunia, vya urefu wa kidole, akavibandika kwa gundi ya karatasi upande ambao upepo unatokea: vingine mbele ya mapezi ya kipoza, yaani vibati vyembamba vinavyopitisha upepo, vingine pembeni mwake. Injini ilipowashwa, nyuzi za mbele ya mapezi zilining'inia zikitikisika kidogo tu, lakini zile za pembeni zilinyooka kama vijiti. Palikuwa na mwanya wa upana wa kidole kati ya kipoza na kava, mahali palipokuwa na ukanda wa raba ambao ulikwishakatika na kudondoka zamani. Upepo hufuata njia rahisi. Ukiachiwa mwanya, hautajipenyeza katikati ya mamia ya mapezi yaliyosongamana.

Nimesoma kwamba hata wanaojijengea ndege ndogo nyumbani kwa kutumia injini ya rota ya Mazda husumbuliwa na jambo hilihili. Injini hiyo haina pistoni, bali ina rota, yaani vyuma vinavyozunguka ndani yake. Oili hupita ndani ya rota zenyewe ili kuzipoza, na kwa hiyo hubeba takriban theluthi moja ya joto lote linalopaswa kuondolewa, kiasi kwamba kipoza kizuri chenye mwanya pembeni kinaweza kumlazimisha rubani kutua mapema. Kanuni yao ni hiyo aliyoitumia fundi wa Ng'ambo kwa uzi wa magunia: ni lazima upepo ulazimishwe kupita ndani ya kipoza.

Kipoza kilipofunguliwa ndipo nilipoona aibu ya uangalizi wangu mwenyewe. Uso unaopokea upepo ulikuwa umefunikwa na kitu kama mkeka mweusi, mzito, ambao ulibanduka kipande kizima kwa bisibisi, na ndani yake ungeweza kuona chembe za pumba za mpunga zilizoshikana na oili. Pumba kavu peke yake ingepeperuka. Iliganda kwa sababu kipoza kilikuwa kinavuja. Walikiziba upande mmoja, wakakijaza upepo kwa kompresa, wakakizamisha katika pipa la maji, na mapovu madogo yakatoka mfululizo kwenye kona ya juu, pale mrija unapoungana na kichwa cha kipoza. Walikiosha kwa mafuta ya taa, kisha kwa maji ya sabuni, wakayasukuma kutoka nyuma kwenda mbele ili uchafu utoke kwa njia ulioingilia, na kwa presha ndogo ili mapezi yasilale. Mapezi yaliyokwisha kulala waliyanyoosha moja moja kwa kisu chembamba, kazi iliyochukua karibu nusu siku. Kona iliyovuja ilichomelewa kwa gesi ya agoni, kwa kuwa kipoza ni cha alumini, na kikarudishwa kwenye pipa mbele ya macho yangu. Hakukuwa na povu hata moja.

Mwisho walinishauri nitengeneze njia ya bati ya kuleta upepo wa feni kutoka nje ya ukuta, upande usio na pumba, na kuweka wavu mdomoni. Walisisitiza kwamba njia hiyo isiwe nyembamba kuliko mdomo wa feni mahali popote, la sivyo nitakuwa nimeinyonga injini kwa mikono yangu. Hewa ya moto nayo itolewe kupitia dirisha la upande wa pili, isirudi kuvutwa tena. Kazi hii ya bati niliifanya kwa fundi wa kijijini kwetu.

Matokeo ni kwamba sasa naweza kukoboa saa tatu mfululizo, jua la Oktoba likiwa kali, na geji haivuki 104. Nimerudia oili ya 15W-40 na presha imetulia. Nililipa shilingi 260,000 kwa kazi yote, pamoja na safari ya fundi, nami naiona ni bei ya haki ukilinganisha na nilichokipoteza kwa pampu ambayo haikuwa na kosa.

Mapungufu yapo, tena si madogo. Waliniahidi siku nne, kazi ikachukua siku tisa katikati ya msimu, na kwa siku tatu kati ya hizo simu yao haikupokelewa. Mwanya walikuwa wameuziba kwa silikoni ya kawaida, nami nilieleza wasiwasi wangu papo hapo. Baada ya wiki mbili ilianza kubanduka kwa joto, geji ikarudi 115. Niliporudi kwao hawakubishana, waliikwangua yote na kuweka raba nene inayostahimili joto bila kunidai chochote, lakini raba hiyo ingepaswa kuwekwa tangu mwanzo. Kava pia lilirudishwa likiwa limepungukiwa na bolti mbili, na kwa injini inayopozwa kwa upepo bolti ya kava si pambo, kwa kuwa kila inapokosekana upepo huvujia hapo. Na vipimo vyote alivyochukua fundi vilibaki kichwani mwake. Ilibidi niviandike mwenyewe kwenye daftari la mashine, na hilo ningependa walirekebishe, maana kipimo cha leo ndicho kitakachomwongoza fundi wa mwakani.

Anayetaka kwenda kwao na aende kabla ya msimu wa mavuno, akubaliane nao kwa maandishi kuhusu siku na aina ya raba, na akatae kipoza kufungwa kabla ya kukiona ndani ya pipa la maji. Injini yangu ya pili, inayosukuma pampu ya bustani, nimekwisha kuiwekea nafasi kwao mwezi Februari, na safari hii raba nimeinunua mwenyewe.