Turubai la kuviringisha kwenye bodi ya Hilux: mafuta yanapungua kweli?

Gari ni Hilux Revo dabo kabini, dizeli ya 2.4, na kazi yake kubwa ni barabara ya Dar es Salaam hadi Mbeya. Turubai ni la vinili, la kuviringisha, lina reli mbili za alumini zinazobanwa kwa klampu bila kutoboa bodi, yaani sanduku la nyuma la kubebea mzigo. Wauzaji wanalinadi kwamba linaokoa asilimia kumi ya mafuta. Sahau. Kwenye lami iliyonyooka, mwendo wa 100 hadi 110, bodi tupu, ninachokiona ni kama robo lita kwa kila kilomita 100. Mjini ni sifuri.

Hesabu yenyewe haina siri. Nguvu ya hewa inapanda kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo ukitoka 80 kwenda 110 hewa inakuzuia karibu mara mbili ya mwanzo. Ukiwa kwenye foleni ya Kimara, au unapita Mikumi polepole, au kila kijiji kina kibao cha 50, mafuta yanaliwa na kusimama na kuondoka, na turubai haliwezi kusaidia hapo. Hata kile linachookoa ni kidogo kwa sababu bodi iliyo wazi si mbaya kama inavyoonekana. Hewa inayotoka juu ya kabini inaacha nyuma yake hewa nyingine inayozunguka ndani ya bodi, na ile inayokuja inateleza juu yake hadi kwenye mlango wa nyuma. Ndiyo maana wanaoshusha mlango wa nyuma ili "upepo upite" wanajiharibia: wanaivunja ile hewa inayozunguka, na hawapati faida yoyote. Mlango ufunge.

Kufunga turubai hakuchukui saa nzima. Futa kingo za bodi kwa kitambaa chenye maji, laza reli, kisha pima ulalo: kutoka kona ya kabini kushoto hadi kona ya mlango kulia, halafu kinyume chake. Vipimo viwili visipolingana, turubai litakaa upande na halitashika velkro vizuri. Klampu zangu ni tatu kila upande, spana namba 13. Kaza kwa mkono mpaka zishike, ongeza nusu mzunguko, basi. Fundi akikaza kwa nguvu zote anakunja mdomo wa bodi. Kama bodi ina plastiki ya ndani inayopanda juu ya kingo, klampu haitapata chuma cha kushika. Lazima ukate vipande vya plastiki sehemu za klampu tu. Baada ya kilomita 500 hivi rudia kukaza, maana mtikisiko huzilegeza.

Shida kubwa ni joto na baridi. Vinili hulegea juani na kusinyaa kwenye baridi. Ukilivuta kama ngoma saa saba mchana Dar, alfajiri Njombe halifungi: ile bomba ya ukingo wa nyuma wa turubai haifiki kwenye lachi ya kuifungia, na ukilazimisha, mshono ndio unaachia. Ukiliacha limelegea mno nako, likifika 100 linaanza kupigapiga, na turubai linalopigapiga halipunguzi chochote, tena linakatika haraka. Kuna skrubu ya kurekebisha mvuto upande wa kabini. Liweke pale ambapo ukibonyeza katikati kwa kiganja linashuka kidogo na kurudi lenyewe.

Vumbi nalo. Nyuma ya pikapu hewa ni nyepesi, inavuta vumbi kutoka chini na kulipitisha kwenye mwanya wa mlango wa nyuma. Turubai halizuii hilo. Bandika raba ya milango pande tatu za mlango na chini yake, na velkro uipige brashi kavu kila unapoosha gari, vinginevyo inajaa mchanga na kuacha kushika.

Kabla ya kununua kwa ajili ya mafuta, angalia juu ya kabini. Keria tupu iliyosahauliwa pale inakula zaidi ya kile turubai litakachokuokoa. Ishushe. Tairi ziwe na upepo ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Plastiki ya chini ya bampa ikivunjika kwenye tuta, rudishia; kazi yake ni kuzuia hewa isiingie kwenye eksozi, ekseli na takataka zote za chini. Na punguza kutoka 110 hadi 95: hapo utaona tofauti bila kununua kitu.

Ukitaka kupima mwenyewe, usitegemee kujaza tenki. Safari nzima ya Mbeya, pamoja na vijiji vyake, turubai linaokoa lita moja au moja na nusu, na pampu kukata mapema au kuchelewa kunaleta kosa kubwa kama hilo. Tafuta kipande tambarare cha kilomita 20 hivi kisicho na vijiji, rudisha kwenye sifuri kipimo cha wastani wa mafuta kwenye dashibodi, nenda na urudi kwa mwendo uleule, kisha viringisha turubai urudie. Usifanye hivyo Makambako siku ya upepo.

Hata ukikimbiza barabara kuu kilomita 20,000 kwa mwaka, ni lita 50. Mimi naliweka kwa sababu mzigo haulowi na mkono wa mtu hauingii kirahisi kwenye foleni. Kwa hilo linastahili bei yake.

Ukienda dukani, pima urefu wa bodi kwa ndani, kuanzia ukuta wa kabini hadi mlango wa nyuma uliofungwa, na utaje ni Hilux Vigo, toleo la zamani, au Revo iliyofuata. Turubai zake haziingiliani, hata muuzaji akikuapia.