Kitalu cha maua mtaa wa Kisasa, Dodoma: jabera kali, maelezo sifuri

Wapenda maua wa Dom, jina la kitalu silitaji ila ni kile cha pembeni ya barabara, nilinunua jabera (gerbera, yale maua makubwa kama deizi) 6 mwezi wa tano, mche sh 5,000, nikabembeleza wakanifanyia zote 25,000. Rangi zilikuwa moto, ile ya chungwa majirani walikuwa wanasimama getini kabisa wanaishangaa. Nikamuuliza kijana wa pale, hizi zitavuka baridi ya mwezi wa saba? "Hazina shida mama, we mwagilia tu asubuhi na jioni." Basi nikamwagilia, si mtaalamu kasema.

Katikati ya Julai nne chali. Na wala sio baridi iliyoua, huko Ulaya ndo barafu inaimaliza jabera kwahiyo wanaiingiza ndani, huku kwetu usiku unashuka nyuzi 13 au 14 hivi, ua linapoa tu, halikui na maji halinywi kama zamani. Niling'oa moja nikakuta pale katikati majani yanapotokea pameoza, panateleza, harufu ya maharage yaliyochacha. Kumbe tokea kwenye kiriba (kile kifuko cha mche) walishaifukia hadi shingoni, mimi nami nikapanda hivyohivyo, maji ya jioni yakawa yanalala humo usiku kucha.

Mbili zilizopona zilikuwa kwenye ndoo ya rangi niliyotoboa chini, barazani, ukuta unakinga ule upepo wetu. Na nilikuwa nasahau kuzimwagilia 😂

Nikarudi nimevimba, nikamkuta mama mwenye kitalu mwenyewe. Huyo anajua. Akaniambia shingo ikae juu ya udongo kidogo, uchanganye kichanga na samadi iliyooza vizuri, kipupwe chote mwagilia asubuhi tu na pembeni, tena ukishika udongo ukaona umekauka juu, mbolea tulia mpaka Septemba joto lirudi. Akaona na picha za majani yangu, njano halafu mishipa ya kijani, akauliza unatumia maji ya kisima? Ndio, yale ya chumvi. Akacheka, "jabera haiyapendi hayo, kinga maji ya mvua." Mvua ipi mama, Agosti hii! Ila akanipa miche 2 bure, hapo namvulia kofia.

Kama huna muda wa kubembeleza ua, chukua zile deizi zao nyeupe zenye kiini cha bluu, 3,000 tu, asili yake Afrika Kusini, jua kwake sherehe, jioni zinajifunga zenyewe asubuhi zinafunguka. Nilikata vijiti urefu wa kidole, nikatoa majani ya chini nikachomeka kwenye kichanga kivulini, vimeshika vitano kati ya nane.

Nyota 3. Nendeni asubuhi mama akiwepo, mchana mtamkuta kijana. Na kabla hujalipa chungulia kiriba, ukiona shingo imezikwa mwambie akupe mche mwingine.