Mapitio ya fzy: menyu nyepesi kwa skripti za terminali

Anayeandika skripti za kuhudumia seva hufika mahali ambapo skripti inapaswa kumtaka mtumiaji achague kitu kimoja kati ya vingi, na hapo wengi wetu hukimbilia amri ya select iliyomo ndani ya Bash, programu inayosoma na kutekeleza amri za terminali. Amri hiyo inatosha vitu vikiwa vitano au sita. Vikifika arobaini, orodha yenye namba hujaza skrini, na mtumiaji huanza kuitafuta namba yake kwa macho. Whiptail, programu nyingine ya menyu, huchora kisanduku cha kupendeza, lakini jibu lake hutoka kwenye mkondo wa makosa (stderr) badala ya mkondo wa matokeo ambao skripti husoma, na alama za kubadilishana mikondo, nakiri, sijawahi kuziandika bila kuzinakili mahali.

Programu ya fzy, iliyoandikwa na John Hawthorn kwa lugha ya C, hupokea mistari kupitia paipu (alama ya | inayopeleka matokeo ya amri moja kwa nyingine), huonyesha kumi ya juu, hupunguza orodha kadiri mtumiaji anavyoandika, kisha hutoa mstari mmoja uliochaguliwa. Kwa kuwa husoma kibodi na kuchora orodha kupitia /dev/tty, yaani terminali yenyewe, mkondo wa matokeo hubaki safi, na kazi ya kubadili tawi la Git (mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo) huishia katika mistari miwili:

tawi=$(git branch --format='%(refname:short)' | fzy) || exit 1
git switch "$tawi"

Ubora wake hasa umo katika upangaji. Herufi zinazopakana hupewa uzito, vivyo hivyo zile zinazoanza neno au kufuata alama ya mkwaju, kwa hiyo ukiandika nkmac, faili la nakala/machi.sql hupanda juu ya majina mengine ambamo herufi hizohizo zimetawanyika ovyo.

Haichagui zaidi ya mstari mmoja, haionyeshi yaliyomo ndani ya faili, na husubiri orodha yote iishe kuingia kabla ya kuanza kazi. Anayeyahitaji hayo atumie fzf, programu nyingine ya aina hii, ambayo ni nzito zaidi.

Jambo la kuangaliwa kwa makini ni lingine. Mtumiaji akiandika neno lisilolingana na mstari wowote kisha akabonyeza Enter, fzy hutoa neno hilohilo aliloliandika na kurudisha 0, alama ya kufaulu, kana kwamba uchaguzi umefanyika. Kinga ya || exit 1 humnasa aliyeghairi kwa Ctrl-C, lakini huyu humpitisha. Tabia hiyo ina manufaa pale skripti inaporuhusu jina jipya, kwa mfano kufungua faili ambalo bado halipo. Katika skripti ya kufuta au kurejesha data ni hatari. Mimi huihifadhi orodha kwanza katika kigeu, kisha huhakikisha kwamba jibu ni mstari kamili wa orodha hiyo kabla ya hatua yoyote:

printf '%s\n' "$orodha" | grep -Fxq -- "$jibu" || exit 1