Kozi ya ubunifu wa mavazi hapa Moshi, uzoefu wangu

Jamani nisiwafiche, nina hasira mpaka leo. Nilijiunga na chuo kimoja hapa mjini, jina nalihifadhi, kilichonivuta ni tangazo lao kwamba wanafundisha kudizaini kwa kompyuta, programu ya CLO 3D ile ya Wakorea, unachora patani (michoro ya vipande vya kukatia nguo) humo humo, unamvalisha mtu wa kwenye skrini, unaona kabisa nguo inavuta wapi kabla hujagusa kitambaa. Kwa sisi ambao sampo moja, ile nguo ya kujaribia, ikiharibika hela ndo imeenda, hiyo ni ukombozi. Na ada yao ilikuwa juu kwa sababu hiyo hiyo, walituambia wazi.

Basi tunaingia chumba cha kompyuta, mwalimu anafungua, kinatokea kiboksi katikati ya skrini: muda wa majaribio umeisha. Akabofya, kikarudi. Akabofya tena. Wiki iliyofuata hivyo hivyo. Nikauliza kwa heshima tu, mwalimu, leseni italipiwa lini, akanigeukia mbele ya darasa zima: "Wewe dada umekuja kujifunza kushona au kuchezea kompyuta?" Watu wakacheka. Ada yenyewe mama yangu alikopa vikoba! Muhula ukaisha tunaangalia picha kwenye projekta, halafu cheti kimeandikwa dijitali. Dijitali ipi?

Msiende pale kwa ajili ya kompyuta. Ila niseme haki, kuna madam wa patani, yule mama Mungu ambariki. Alituagiza soko la mitumba la Memorial kila mtu atafute koti la mtumba lililoshonwa vizuri, tukalifumua lote kwa wembe, kipande kwa kipande, tukapiga pasi tukachora kwenye karatasi za kaki. Hapo ndo nikaona mkono wa koti una vipande viwili, cha juu kipana cha chini chembamba, na ule mzunguko wa juu umekatwa mrefu kidogo kuliko tundu la kwapa unapoingia, ndo maana bega linakaa lenyewe. Mitumba hiyo hiyo inayotuua sokoni, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana 2016 kuiondoa taratibu, Rwanda tu ndo ikakomaa na ushuru, huku kwetu ipo tele, basi angalau itufundishe. Sasa hivi oda za makoti ya kitenge zinanijia kwa sababu ya mkono ule, sio kwa sababu ya kompyuta yao.

Kwa hiyo kama madam bado yupo nendeni tu, hata kwa ada ile. Lakini kabla hamjatoa hata shilingi waambieni wafungue hiyo programu mbele yenu muione inafanya kazi, na yule mwalimu wa kompyuta nikikutana naye stendi simsalimii.